Mkalimani Asiye na Kiputo

Wanjiku aliponipigia simu hakusalimia kwanza. Aliuliza jina Tishami linatamkwa vipi, mkazo ukae wapi, halafu akakumbuka adabu akasema, "Pole, Mama. Habari ya asubuhi?" Nilimpenda hapo hapo, kwa maana mimi pia nimekuwa na haraka ya namna hiyo tangu utotoni na sijawahi kupona. Yeye na wenzake wanatengeneza katuni ya video katika nyumba ya kupanga huko Tassia, na hadithi yao wameitoa katika Upinde wa Meroe, zile hadithi za picha ambazo Mzee Gathogo alizichora mtaani kwetu Jericho nilipokuwa msichana. Mzee tulimzika kabla ya masika, na ni mazishini Wanjiku alipochukua namba yangu. Sasa walikuwa na shida. Mtu waliyempa kazi yao aikague kihistoria alikuwa amewaambia kwamba Meroe hakukuwa na jina kama hilo, na wenzake Wanjiku walitaka libadilishwe kabla sauti hazijarekodiwa. "Wewe ndiye ulikuwa Tishami wa kwanza," akasema. "Tuambie tu kama ni jina la kweli. Kama si la kweli tunalitoa." Nilimwambia asitoe chochote mpaka nifike, nikavaa viatu.

Studio yao ni chumba cha kulala ambacho kuta zake zimetundikwa magodoro na mablanketi ili sauti isirudi. Dirisha linatazamana na la jirani kwa karibu sana, kiasi kwamba ukiishiwa chumvi huna haja ya kushuka ngazi. Walinipa chai ya maziwa na chapati kwa maharagwe, wakaniomba tungoje kidogo kwa sababu mtu wa ghorofa ya juu alikuwa akiburuta viti. Mbele yangu, juu ya godoro la buluu, walikuwa wamebandika picha kubwa ya Tishami: msichana aliyejifunga kitambaa cheupe, macho makali, mkono wa kulia juu. Ule mkono niliujua. Niliushikilia hewani mwaka mzima mpaka bega likawa linalia usiku. Wenyewe walikuwa wakinong'ona kuhusu waya fulani, na mimi nikabaki nikiutazama, chai ikapoa mkononi.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nilikuwa nikingoja matokeo, na matokeo yalipokuja nikaanza kungoja kitu kingine ambacho hakuna aliyeweza kuniambia ni nini. Wazazi wangu nawaacha nje ya sura hii. Walikuwa wazima, walikuwa kazini, na hawakuhusika. Tuliishi Jericho, ng'ambo ya barabara ni Jerusalem, kwa hiyo mambo ya kale hayakuwa mbali nasi, tulikuwa nayo kwenye anwani. Mzee Gathogo alikaa mstari wa nyumba ulio nyuma ya wetu. Alikuwa amestaafu kazi ya kuchora ramani za reli, sikio lake la kushoto lilikuwa limebaki kwenye kelele za karakana, na meza yake ya kuchorea ilichukua nusu ya sebule, hivi kwamba mgeni alikunywa chai akiwa amekaa karibu mlangoni. Chumba kilinuka wino na kabichi. Hapo ndipo alipochora ufalme wa Meroe, uliokuwa kando ya mto Nile, Sudan ya leo, na malkia wake na wapiga mishale wake waliowakataa Warumi walipopanda kutoka Misri. Hakuwahi kufika Sudan. Malkia alikuwa na pua ya mke wake, Mama Njeri, jambo ambalo mtaa mzima uliliona na Mama Njeri mwenyewe alilikana akijiangalia kwenye kioo. Chini ya kila ukurasa Mzee aliweka maelezo kwa herufi ndogo: upinde ulitengenezwa kwa mti gani, ngao kwa ngozi gani. Toleo lilitoka lilipotoka, na likitoka nakala moja ilipita nyumba nyingi mpaka pembe zake zikaviringika.

Kwetu nakala hiyo ilisomwa kwa sauti, na msomaji nilikuwa mimi. Nilisoma kwenye baraza ya Mama Ayoti, jirani yetu, mama mpana mwenye kicheko kifupi ambaye alipika chapati za kuuza jioni na ambaye alidai macho yake yalikataa herufi. Yeye alisukuma chapati, watoto wa mstari wakakaa sakafuni wakisubiri ile ya kwanza, ambayo daima iliungua na daima ilikuwa yao, nami nikawasomea. Kiswahili cha Mzee kilikuwa cha juu. Malkia hakusema "ngoja," alisema "subira ewe mjumbe." Kwa hiyo nilisoma na kufafanua, nikasoma na kufafanua, mpaka sikujua tena lipi ni la Mzee na lipi ni langu.

Katika toleo la kwanza, mjumbe wa Kirumi anapofika mbele ya Malkia, katikati yao anasimama msichana asiye na jina. Ni mkalimani. Ameinua mkono wa kulia. Wengine wote wana vile viputo vya maneno vinavyotoka mdomoni, yeye hana. Siku ya kwanza nilipofika ukurasa huo mtoto mmoja aliwekea picha kidole chenye mafuta akasema, "Huyu anajua jibu." Wenzake wakaona papo hapo. Nani asingeona? Kila mmoja wao alikuwa ameshinda asubuhi nzima darasani akinyoosha mkono, nusu ya makalio hewani, akipiga kelele ticha mi, ticha mi, yaani mwalimu mimi, na ticha akachagua mwingine. Tangu siku hiyo msichana yule akaitwa Ticha Mi. "Ticha Mi ako hii page?" waliuliza kabla sijafungua. Mama Ayoti naye akauliza lake, bila kuinua macho kutoka kwenye unga. "Na huyo malkia na huyo mzungu, wanasikilizana aje kama msichana hasemi kitu?" Swali hilo nililala nalo, kama ilivyo tabia yangu.

Wakati huo hadithi ilikuwa imeshaanza kuzaa. Kinyozi wa Jerusalem alichora wapiga mishale ukutani mwa kibanda chake, kila mmoja na mtindo tofauti wa nywele, ili mteja aonyeshe kwa kidole. Timu ya mpira ya mstari wetu ikajiita Meroe na ikaendelea kufungwa kama zamani. Vijana wa kanisani waliona kwamba Warumi walihitajika Ijumaa Kuu hata hivyo, wakawahamisha na ngao zao za maboksi mpaka kwenye mchezo wa Pasaka, na Malkia wa Meroe akatokea miguuni pa msalaba akiwa na upinde. Huko Kiamaiko mwenye bucha alimchora Malkia juu ya mlango, mbuzi chini ya mkono. Mzee Gathogo alikasirishwa na hao wote, na aliwaendea mmoja mmoja. Hakudai chochote. Alitaka tu wasikosee. Kutoka Kiamaiko alirudi na mguu wa mbuzi ndani ya gazeti na rangi nyekundu kwenye mkono wa koti; taji la Malkia lilikuwa na makosa, akaeleza, na ilimbidi apande ngazi ya yule mtu alirekebishe mwenyewe.

Kwa hiyo Owino alipotaka kuifanya hadithi kuwa mchezo wa jukwaani, alijua Mzee atamwendea, akaomba ruhusa kwanza. Owino alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma mchana na jioni kiongozi wa kikundi chetu cha maigizo, kijana mpole aliyependa kila mtu aelewane. Mzee alikubali kwa sharti moja: maneno yabaki yalivyo kwenye kitabu, lisiongezwe hata moja. Rahel, binti mrefu wa Jerusalem mwenye sauti ya kufika barabarani, akapewa Malkia. Owino mwenyewe akawa mjumbe wa Kirumi. Mimi nikapewa mkalimani, nadhani kwa sababu niliongea sana mazoezini na Owino alitaka kupumzika. Nilisimama katikati ya ukumbi wa mtaa, mkono juu, Jumamosi baada ya Jumamosi, nikisikiliza watu wawili wakizungumza kunipita. Nilikasirika kama sijawahi kukasirika. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, sikuwa na kazi, sikuwa na chuo, na sasa hata katika mchezo nilikuwa mtu wa kujaza nafasi. Nikaamua kwamba yule msichana atasema, na kwamba nitamwomba mwenye hadithi mwenyewe, mlangoni kwake, mpaka akubali.

"Hapana," Mzee akasema mara ya kwanza, bila kuacha kuosha kalamu. "Msomaji anasoma pande zote mbili. Mkalimani akisema, ni kurudia."

"Basi kwa nini ulimchora?"

"Kwa sababu mjumbe hafiki mbele ya malkia bila mkalimani. Ni historia. Na huo mkono ni kiapo, kwamba atasema ukweli." Akanitazama juu ya miwani. "Haya, nikimpa kiputo, aseme lugha gani? Malkia anasema Kiswahili. Mrumi naye anasema Kiswahili, kwa kuwa mimi Kirumi sikijui. Anatafsiri nini kukipeleka wapi?"

Mama Njeri akaniongezea chai, ishara kwamba nilikuwa nimeshindwa. Na kweli hoja ya Mzee niliondoka nayo nikiitafuna hadi nyumbani. Lakini nilirudi wiki iliyofuata, na iliyofuata, nikisafisha kalamu zake na kuuliza tena, hata akawa ananiitikia hodi kwa neno "hapana" kabla sijaingia.

Jibu nililipata barazani. Karani wa baraza la jiji, wenye nyumba zetu, alipita kukagua, kijana nadhifu wa tai, akasimama mbele ya jiko la Mama Ayoti. "Mpangaji anatakiwa kuondoa kizuizi hiki katika njia ya pamoja bila kuchelewa," akasema. Mama Ayoti akanigeukia mimi, si yeye.

"Anasema nini huyu?"

"Anasema utoe jiko kwa baraza, Mama."

"Mwambie jiko itatoka siku yeye atatoka."

Nikamgeukia karani. "Anasema amesikia," nikamwambia, "na anatafuta mahali pengine pa kuliweka." Karani akainamisha kichwa kwa kuridhika, akapokea chapati ya moto, akaenda zake. Jiko halikusogea. Mama Ayoti aliyesikia kila neno nililosema akaendelea kusukuma unga, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Mimi nilisimama pale nikiwa na kitabu mkononi. Wote wawili walikuwa wamezungumza Kiswahili, na bila mimi wasingesikilizana.

Sikungoja Jumamosi. Nilimweleza Mzee yote, mpangaji, kizuizi, jiko, nikamwambia Mrumi na Malkia wabaki na Kiswahili chake kitukufu, lakini msichana ageukie watu wa Meroe awaeleze kwa lugha ya Jericho. Mzee alinisikiliza kwa sikio zima mpaka mwisho. Halafu akasema kwamba amekaa miaka mingi akijaribu kuwaonyesha watoto wa mtaa huu kwamba Waafrika wa kale walikuwa watu wa heshima, na kwamba haikuwa kazi yake kuwaweka wakiongea lugha ya stendi. "Katika Meroe hakuna Sheng," akasema. "Ukiongeza neno, mchezo umekwisha." Alisema kwa upole, na upole ule ulinichoma zaidi ya ukali. Owino aliposikia alinifuata hadi mferejini nilipokuwa nikiteka maji. "Perpetua, tafadhali. Simama tu, inua mkono, tumalize." Nikamwambia nitasimama, sitaharibu kazi ya watu. Lakini pia nilimwambia sijaacha, na Jumatatu baada ya onyesho nitakuwa mlangoni kwa Mzee kama kawaida.

Siku ya onyesho ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Mbele kabisa sakafuni walikaa watoto wa mstari wetu, nyuma yao kwenye kiti cha heshima Mzee Gathogo na suti yake ya reli, Mama Njeri ubavuni, Mama Ayoti kando yao na beseni la chapati mapajani. Owino akaingia na kofia ya chuma aliyoichomelea mwenyewe, akamwamuru Malkia azime moto wa hekalu ulio karibu na mpaka. Rahel akasimama. "Mwambie Kaisari," akasema kwa ile sauti, "moto huu utazimika siku atakapoondoka yeye." Katika kitabu mjumbe anaghadhibika hapo hapo. Mimi nilikuwa katikati, mkono juu, mdomo umefungwa, nikitimiza ahadi. Kisha mtoto mmoja wa mbele, yule wa kidole chenye mafuta, akashindwa kuvumilia.

"Ticha mi," akasema.

Mwingine akaitikia. Halafu mstari wote wa mbele, mikono juu, ticha mi, ticha mi, halafu ndugu zao wakubwa waliokuwa madirishani, halafu watu wazima ambao hawakujua kinachoendelea ila walikumbuka darasa, ukumbi mzima ukinipigia kelele nichaguliwe. Owino alifungua kinywa kughadhibika, hakusikika. Akanitazama, nikamtazama, sikushusha mkono wala sikusema neno. Ni Rahel aliyefanya. Alinigeukia polepole kutoka kwenye kiti chake cha enzi, akanyoosha kidole jinsi walimu wetu wote walivyonyoosha, akasema, "Haya, wewe."

Ukumbi ukanyamaza. Nikamgeukia Mrumi. "Malkia anasema amesikia," nikamwambia kwa heshima zote, "na anatafuta mahali pengine pa kuuwasha huo moto." Kisha nikawageukia watoto, watu wangu wa Meroe. "Amesema huyu buda ndiye atoke kwanza. Lakini nikimwambia hivyo si atatuletea makarao wa Kaisari?" Kicheko kilichoangukia jukwaa lile nakisikia hata sasa. Mama Ayoti alisimama, chapati zikateleza, akakaa tena. Nikainua mkono upya, na Owino, Mungu ambariki, akainamisha kofia yake kwa kuridhika, vile vile kama karani.

Baadaye nyuma ya pazia nilimwona Mzee akija. Alisimama mbele yangu. "Alidanganya," akasema. "Aliapa kusema ukweli, akadanganya."

"Aliwapatanisha, Mzee. Hakuna aliyekufa."

Alilifikiria hilo. Alikuwa mtu wa kufikiria jambo mpaka mwisho wake hata lisipompendeza. "Toleo lijalo atakuwa na kiputo," akasema. "Utaniandikia wewe, mimi lugha hiyo siijui." Akaanza kuondoka, akarudi. "Na lile jina walilokuwa wakimwita. Tishami. Ni jina zuri, lina uzito wa kale. Umelitoa wapi?" Nilifungua mdomo nimweleze, na Mama Ayoti akanikanyaga mguu. "Amesikia vizuri," akaninong'oneza. "Wacha."

Toleo lililofuata nilikaa karibu na mlango sebuleni kwa Mzee nikimwandikia maneno, yeye akiyazungushia viputo kwa mkono usiotetemeka. Mwaka huo ndio ulionipeleka kwenye kazi niliyoifanya mpaka nikastaafu, ukalimani wa mahakamani, ambako nilikula kiapo mkono juu, na ambako nilijifunza kwamba huruhusiwi kupatanisha mtu hata ukitamani. Miaka mingi baadaye nilimweleza Mzee jina lilikotoka. Akaniuliza tu kama nina uhakika kwamba watu wa Meroe hawakuwa na shule. Maelezo yake ya chini ya ukurasa hakuyabadilisha.

Maelezo hayo ndiyo Wanjiku aliyonisomea kutoka kwenye simu yake, viti vya juu viliponyamaza. "Tishami: jina la kale. Maana yake imepotea." Akaiweka simu chini. "Kwa hivyo, Mama, ni ya kweli ama si ya kweli?"

"Haijapotea," nikamwambia, nikawaeleza kama nilivyoeleza hapa, bila kuficha kitu. Nilipofika kwenye maana Wanjiku akajifunika uso kwa mikono. "Ticha mi," akasema ndani ya vidole. "Hata sisi tulikuwa tunasema hivyo. Mimi hawakuwa wananichagua." Mwenzake aliyekuwa kwenye mashine, kijana wa miwani, hakucheka. "Poa, lakini si ya Meroe," akasema. "Watu watasema tumebuni."

"Ni ya Jericho," nikamjibu. "Mzee aliichora Meroe yote akiwa kwenye dirisha la Jericho. Huyo Malkia wenu ana pua ya Mama Njeri. Mkitoa jina, basi toeni na pua." Aliitazama picha ya Malkia kwenye kioo cha kompyuta yake. Mama Njeri walikuwa wamemwona mazishini, amekaa mbele kabisa, na pua ile ile. "Wacha ikae," akasema mwishowe, na Wanjiku akaandika hivyo kabla kijana hajabadili nia.

Kisha akaniomba nisome mimi ile sehemu ya moto wa hekalu, ili wasikie ilivyokuwa. Yule mwenye kuisema kwenye video ni binti mdogo na ataisema vizuri kuliko mimi. Sheng yake hata siielewi yote, na yangu waliisikiliza kwa heshima, kama kitu kilichochimbwa ardhini. Nilisimama kati ya magodoro mbele ya maikrofoni. Wanjiku akavaa hedifoni, akawanyamazisha wengine. Sikuwa nimeagizwa kuinua mkono. Nilijikuta tu uko juu, bega likiuma mahali pale pale, na Wanjiku, yule msichana aliyekuwa hachaguliwi, akaninyooshea kidole.

"Haya," akasema. "Wewe."